Iliki Ilivuka Mpaka Kabla Yangu

Mimi nauza iliki. Nanunua kwa wakulima wa kata yetu ya Zirai, huku Usambara Mashariki, naianika, naichambua, kisha naishusha Muheza kwenye viroba. Kutoka hapo wanunuzi wa Tanga wanaipokea, na nyingine huvuka Horohoro kwenda Mombasa. Kwa miaka 11 mzigo wangu ulikuwa ukiingia Kenya na mimi nikibaki huku mlimani. Nilivuka kwa mara ya kwanza Oktoba 2024, nikiwa na miaka 36, na siku hiyo sikuwa na kiroba hata kimoja. Nilikuwa na begi la mgongoni lenye raba, ushungi mwepesi, kichupa cha asali, na karatasi iliyosema nimesajiliwa kukimbia kilomita 42 kwenye Nairobi Marathon.

Tangu nirudi, watu wa Muheza huniuliza mambo mawili tu. La kwanza, nani alinilipia? La pili, nilikuwa wa ngapi? Majibu ni mafupi: iliki ilinilipia, na nilikuwa wa huko nyuma kabisa. Hakuna anayeniuliza kilichonitaabisha kweli, yaani namna ya kufika kwenye mstari wa kuanzia nikiwa mzima. Kilomita 42 na mita 195 ni zilezile Moshi, Nairobi au Tokyo. Ugeni niliukuta kwenye karatasi, kwenye hewa, kwenye sahani na kwenye kitanda. Nasimulia hayo kwa ajili ya yeyote anayekimbia kijijini kwake na ameanza kuota kuvuka mpaka.

Mama Mbio

Sikuzaliwa mkimbiaji. Baada ya mtoto wa pili presha ilinipanda, na muuguzi akanishauri nifanye mazoezi. Nikaanza kutembea alfajiri, kutembea kukawa kukimbia kidogo kidogo, na majirani wakaanza kutoka vibarazani. "Mama, nani kakufukuza?" Mwanamke mzima anayekimbia bila ndoo kichwani wala mtoto mgonjwa mgongoni hushangaza watu. Baada ya miezi michache wakanipa jina, Mama Mbio, na maswali yakaisha.

Anayejua milima yetu anajua kwamba hakuna pa kukimbilia palipo tambarare. Ni kupanda na kushuka. Amani, jirani zetu, ipo kama mita 900 juu ya usawa wa bahari, na barabara ya kushuka kupitia Sigi hadi Muheza ni kona juu ya kona ndani ya msitu. Asubuhi ukungu unashika mashamba ya chai, mbega wanaruka juu ya kichwa, na hondohondo wanapita kwa kelele za mabawa. Kandokando ya njia kuna miti iliyoletwa kutoka mabara mengine tangu Wajerumani walipofungua taasisi yao ya kilimo Amani mwaka 1902. Mingi imekua hadi watoto wetu wanaidhani ni ya asili. Nikiwa nahema kwenye ule mwinuko huwa naitazama na kujiambia kwamba hata mti huweza kuzoea ugenini ukipewa muda.

Aliyenifundisha kukimbia kwa mpango ni mzee mmoja mstaafu wa jeshi. Yeye mwenyewe alikimbia mbio za kambini enzi za Juma Ikangaa, na hadithi yake ya kila siku ni Boston 1988. Ikangaa, askari wetu, alimaliza kwa saa 2:08:44. Ibrahim Hussein wa Kenya alimaliza kwa 2:08:43. Kilomita 42, tofauti sekunde moja. Mwaka uliofuata Ikangaa akawa wa pili tena, na 1990 akawa wa pili tena. Katikati ya masikitiko hayo, Novemba 1989, alishinda New York kwa saa 2:08:01. "Mwanangu," mzee hunambia, "mbio za ugenini hazikupi mara ya kwanza. Zinataka zikujue."

Mpango wake ulikuwa wa wiki 16 na siku tatu za kukimbia kila wiki. Jumanne nilikimbia mwinuko mfupi, napanda kwa nguvu na kushuka taratibu. Alhamisi ilikuwa saa moja ya mwendo wa kuweza kuongea. Jumamosi ndiyo mbio ndefu, iliyoongezeka kidogo kidogo kutoka kilomita 14 hadi 32. Baada ya kila wiki tatu, wiki moja ya kupunguza. Wiki tatu za mwisho nilipunguza sana, na hapo ndipo wengi huharibu, kwa sababu mwili unajisikia mzuri na moyo unataka kujithibitishia. Mara mbili alinilazimisha nishuke Muheza nikakimbie kwenye lami. Miguu iliyozoea udongo hushtuka ikikutana na lami kwa saa tano.

Sheria yake kubwa ilikuwa hii: usiunganishe ugeni wa umbali na ugeni wa nchi. Kama hujawahi kumaliza kilomita 42, zimalize kwanza nyumbani, ambako ukishindwa utapata wa kukubeba. Ndiyo maana kabla ya Nairobi nilikwenda Kilimanjaro Marathon pale Moshi, mbio zilizoanza mwaka 2003. Mara mbili nilikimbia nusu, yaani kilomita 21. Februari 2024 nikakimbia 42 kwa saa 4 na dakika 41. Jioni ile mzee alinipigia simu. Hakunipa hongera kwanza. Aliuliza, "Paspoti unayo?"

Karatasi

Sikuwa nayo. Paspoti yetu ya kielektroniki huanza kuombwa mtandaoni kwa Idara ya Uhamiaji, kisha unafika mwenyewe kuchukuliwa alama za vidole na picha. Ada niliyolipa ni shilingi 150,000, na unatakiwa kuwa na kitambulisho cha Taifa, cheti cha kuzaliwa na uthibitisho wa mzazi. Kwa anayeishi mjini haya ni mambo ya asubuhi moja. Mimi ilinibidi nishuke mlimani mara tatu, kwa sababu herufi moja ya jina la baba kwenye cheti changu ilitofautiana na iliyo kwenye kitambulisho. Herufi moja tu, ikala wiki tano. Ningekuwa nimeanza Septemba, Nairobi ningeisikia redioni.

Kwa Mtanzania, Kenya ni mwanzo mwepesi. Viza haihitajiki, saa ni ileile, na lugha unayo. Mbio za mbali zaidi zina milango yake. Boston hutaka uwe umekwisha kukimbia muda fulani kwenye mbio nyingine kabla hawajakupokea. London huendesha kura, na wanaoomba ni wengi mno kuliko nafasi. Italia hudai cheti cha daktari kinachosema moyo wako unafaa. Nchi nyingi za Ulaya hutaka viza, na viza hutaka miezi. Ndiyo sababu namwambia anayeanza asidharau mpaka ulio karibu. Kutoka Tanga hadi Horohoro ni kama kilomita 65 tu.

Kuna karatasi nyingine ndogo ambazo hakuna anayekwambia. Kadi ya chanjo ya homa ya manjano iwe ndani ya paspoti, maana afisa wa afya akiiulizia, hadithi haisaidii. Uthibitisho wa usajili uchapwe, usiutegemee kwenye simu ambayo laini yake itazima ukivuka. Namba ya kifua na kile kipande kidogo cha kielektroniki kinachorekodi muda wako, ambacho wote tunakiita chipu, huchukuliwa kabla ya siku ya mbio. Fika angalau siku mbili kabla. Na pesa: wakati ule shilingi moja ya Kenya ilikuwa ishirini na kitu za kwetu, kwa hiyo chupa ya maji ya shilingi 50 inaonekana ya bure hadi upige hesabu.

Safari yangu nzima, paspoti ikiwemo, niliihesabu kwa ninachokijua. Ilikula kilo 13 za iliki kavu.

Njiani

Nilishuka Jumatano, nikalala Tanga. Alhamisi nikavuka. Horohoro na Lungalunga sasa ni kituo cha pamoja, maofisa wa nchi mbili chini ya paa moja, na mhuri wangu wa kwanza wa maisha uligongwa kwa sekunde chache na kijana ambaye hakuniangalia usoni. Nilitaka kumwambia ni wa kwanza. Nikanyamaza, nyuma kulikuwa na foleni.

Matatu ilinifikisha Likoni, kivuko nikavuka bure pamoja na umati, na Mombasa nikapokewa na mama mmoja ambaye kwa miaka tumejuana kwa simu tu, maana anauza viungo. Alinipeleka soko la Marikiti. Kwenye magunia yaliyofunuliwa midomo nikaona mdalasini, pilipili manga, karafuu na iliki. Nikaishika iliki, nikainusa. Huenda ilikuwa ya Zirai, huenda ilikuwa ya kwingine. Iliki haina jina. Nikasimama pale kama mzazi aliyekwenda shule ya bweni akakuta watoto wote wamevaa sare moja.

Ijumaa nikapanda treni ya SGR kutoka Miritini. Tiketi hulipwa kwa pesa ya simu ya Kenya, kwa hiyo mwenyeji wangu aliilipa, nami nikamrudishia taslimu. Ni karibu kilomita 480 hadi kituo cha Nairobi, pale Syokimau. Abiria wengine walikuwa wakitafuta tembo madirishani tulipokuwa tukikata Tsavo. Mimi nilikuwa nafikiria jambo jingine: treni hii ilianzia baharini, na kila saa inanipandisha.

Hewa

Nairobi ipo kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Nilidhani kwa kuwa mimi ni mtu wa mlimani, hilo halinihusu. Mzee alinikatisha mapema. "Mlima wako ni nusu ya ule," akasema, akanichorea kwenye kipande cha gunia.

Hesabu yake ni rahisi. Kadiri unavyopanda, uzito wa hewa hupungua, na kila pumzi inabeba oksijeni kidogo zaidi. Kwenye mita 900, kama kwetu, upungufu ni asilimia 10 hivi ukilinganisha na pwani. Kwenye mita 1,700 unafika karibu asilimia 18. Ukiwa umekaa hujui. Ukianza kukimbia, mapafu yanajua, na moyo unapiga haraka kufidia.

Mwili unaweza kujirekebisha kwa kutengeneza chembe nyekundu nyingi zaidi za damu, lakini kazi hiyo huchukua wiki mbili, tatu na zaidi. Muuza iliki hana wiki tatu za kukaa hotelini. Kwa hiyo kilichobaki ni kupunguza mwendo kabla hujalazimishwa. Moshi nilikimbia wastani wa dakika 6 na sekunde 40 kwa kilomita. Mzee akaniamuru niongeze sekunde 20, iwe dakika 7 kamili, ambazo kwa kilomita 42 zinatoa saa 4 na dakika 55. "Ukifika nusu ukaona una nguvu, hizo nguvu ni za nusu ya pili. Usizile."

Nilikariri maneno hayo kuanzia Voi hadi Syokimau. Ungesikiliza ungedhani nasoma dua.

Sahani na kitanda

Nilifikia mtaa wa Kawangware kwa mtoto wa shangazi yangu aliyeolewa huko. Hapa nakiri kosa langu mwenyewe, na simlaumu mtu. Nilikuwa nimebeba chakula changu: tende, karanga, asali, na unga wa uji. Mzee alisema saa 48 kabla ya mbio usile kitu ambacho tumbo lako halikijui. Lakini mgeni ni mgeni. Dada yangu alikuwa hajaniona miaka tisa. Jumamosi jioni akaandaa chapati, maharage, sukuma wiki, nyama ya kuchoma yenye pilipili, na bilauri kubwa ya mala, yale maziwa mgando baridi. Majirani wakaja kumwona Mtanzania atakayekimbia. Ningemkatalia vipi? Nikanywa mala. Akanimiminia nyingine. Nikanywa na hiyo.

Saa saba usiku tumbo likaniamsha. Saa tisa likaniamsha tena. Katikati yake kulikuwa na muziki wa matatu na mawazo. Nililala labda saa tatu zote kwa pamoja.

Kilichoniokoa ni kwamba usiku wa kuamkia mbio karibu kila mtu hulala vibaya, na mwili unaustahimili. Usiku wa maana ni ule wa kabla yake, na Ijumaa, kwa uchovu wa treni, nilikuwa nimelala kama gogo. Basi ukiwa ugenini ulinde usiku huo. Na mwenyeji mwambie mapema, siku unayofika, kwa upole na mbele ya watu: "Dada, karamu tufanye Jumapili jioni, nitakula mpaka sufuria ilie." Ukisubiri sahani iwe mezani, umekwisha chelewa.

Jambo la mwisho la usiku ule lilikuwa saa. Ujumbe wa waandaaji ulikuja kwa saa za Kizungu. Sisi tunaohesabu kuanzia alfajiri huona 6 tukasoma saa sita. Niliziandika kwa Kiswahili kwenye kiganja kwa kalamu, saa ya kuamka, saa ya kutoka, saa ya kuanza, maana kichwa chenye wasiwasi hakitafsiri vizuri.

Jumapili

Tarehe 27 Oktoba 2024, kukiwa bado na giza, nilikuwa Uhuru Gardens kwenye barabara ya Lang'ata. Baridi ilinishangaza mimi mtu wa ukungu. Nilikuwa nimejifunga khanga kuukuu juu ya nguo za mbio, ya kuachia mtu dakika ya mwisho, na ninamshauri kila mwanamke afanye hivyo. Makwapani, mapajani na chini ya sidiria nilikuwa nimejipaka mafuta ya mgando. Kwa saa tano, mshono mdogo wa nguo unakuwa msumeno. Foleni ya choo cha wanawake ilikuwa ndefu kuliko ya Horohoro. Ingia mapema, na ukitoka, panga foleni tena.

Kisha tukaanza, na ndani ya dakika kumi nikaisaliti dua yangu yote.

Hamjawahi kuona watu wanavyoondoka Nairobi. Mama mwenye umri wa mama yangu alinipita kama anawahi basi. Vijana walipita wakipiga soga. Miguu yangu ikaona aibu, ikawafuata. Kilomita tano za kwanza, ambazo zilitakiwa dakika 35, nilizimaliza kwa dakika 31. Barabara ya Southern Bypass ina miinuko mirefu isiyo na kona. Milima ya kwetu inakuficha kinachokuja. Ile inakuonyesha kila kitu hadi juu. Hata hivyo nilifika nusu kwa saa 2 na dakika 20, dakika saba kabla ya mpango, na nikajisifu kimoyomoyo.

Deni likaja kudaiwa kilomita ya 31. Mwili huhifadhi wanga kwenye misuli na ini, akiba ambayo wataalamu huiita glikojeni, na kwa wengi wetu akiba hiyo huanza kuisha karibu na kilomita 30. Ukienda haraka, inaisha haraka zaidi, na ukiwa na hewa nyembamba na tumbo lililomwaga chakula usiku, usiulize. Haikuwa maumivu. Ilikuwa kama mtu kazima taa chumbani na wewe bado unatafuta mlango. Paja la kushoto likakaza. Nikasimama. Nikasema kwa sauti, "Mwe!" Mtu wa Tanga atanielewa.

Kwenye meza ya maji alikuwapo kijana wa kujitolea, labda wa sekondari. Nikamwambia, "Samahani mwanangu, naomba maji." Akacheka, akawaita wenzake: "Huyu mama ni wa Tanzania, anaomba!" Wakanipa vikombe vitatu na kipande cha ndizi. Mmoja akasema, "Mama, songa tu, utafika." Nikanywa kikombe kimoja. Hapo pia pana la kujua: kunywa kwa kiu, si kwa hofu. Anayejijaza maji matupu kwa saa tano huifanya chumvi ya damu iwe nyepesi mno, na hiyo imewalaza wakimbiaji wengi waliodhani wanajikinga. Nilikuwa na chumvi kidogo kwenye kikaratasi mfukoni. Nikairamba, nikafuatisha asali.

Kutoka hapo sikukimbia tena kama mkimbiaji. Nilihesabu nguzo za taa: tatu nakimbia, moja natembea. Mkimbiaji mmoja aliyebeba kibendera chenye muda wa kumalizia alinipita na kundi lake, sikumfuata. Jua likapanda. Watu wa kilomita 21 walikuwa wamekwisha vaa medali zao wakirudi nyumbani. Walitupigia makofi sisi wa nyuma zaidi kuliko walivyowapigia wa mbele, kwa sababu wa mbele hawakuwaona, walipita kama upepo.

Chipu yangu ilirekodi saa 5, dakika 2 na sekunde 41. Nusu ya kwanza saa 2 na dakika 20, nusu ya pili saa 2 na dakika 42 na ushee. Dakika nne nilizojifanya kuiba kwenye kilomita tano za mwanzo nilizirudisha kwa riba.

Wa mwisho wa Mexico

Niliporudi Zirai niliona haya kwenda kwa mzee. Moshi nilikuwa na 4:41, Nairobi nimerudi na 5:02. Nikabisha hodi, "Shikamoo mzee." "Marahaba mwanangu, kaa." Nikamtajia muda. Akachukua kalamu, akaandika kwenye kiroba changu: 3:25:27.

Ni muda wa John Stephen Akhwari, mtu wa Mbulu, kwenye marathoni ya Olimpiki ya Mexico City, tarehe 20 Oktoba 1968. Mji ule upo mita 2,240 juu ya usawa wa bahari. Hewa ilimkaba, misuli ikakaza, na njiani akaanguka, goti na bega vikaumia. Mamo Wolde wa Ethiopia alishinda kwa saa 2:20:26. Akhwari aliingia uwanjani zaidi ya saa moja baadaye, giza limeingia, goti limefungwa bandeji, watazamaji wengi wamekwisha ondoka. Walioanza walikuwa 75. Waliomaliza walikuwa 57. Yeye alikuwa wa 57.

Nilipiga hesabu pale pale. Mtu huyo, akiwa wa mwisho na goti limeumia, kwenye hewa nyembamba kuliko ya Nairobi, angenisubiri mwishoni kwa saa moja na dakika 37. Mzee akacheka hadi akakohoa. Kisha akasema kitu ambacho nimekibeba tangu siku hiyo: "Waliokata tamaa siku ile walikuwa 18, na pengine wengi wao walikuwa na kasi kuliko yeye. Nitajie mmoja."

Sikuweza.

Septemba 15, 2025, tulikuwa wengi mbele ya simu moja pale kijijini tukitazama marathoni ya mashindano ya dunia kule Tokyo. Mtanzania mwenzetu Alphonce Simbu na Amanal Petros wa Ujerumani waliingia utepeni pamoja, wote saa 2:09:48, na kamera ikasema Simbu ametangulia kwa sehemu tatu za mia za sekunde. Ilikuwa dhahabu ya kwanza ya Tanzania kwenye mashindano ya dunia ya riadha. Mzee aliyekuwa akililia sekunde moja ya Boston kwa miaka 37 alikaa kimya muda mrefu. Simbu mwenyewe hakufika pale kwa safari moja. Alikuwa wa tano Rio 2016, wa tatu London 2017, wa pili Boston mwezi Aprili 2025. Mbio za ugenini zilikuwa zimekwisha mjua.

Sisi wa nyuma hatutafuti dhahabu, lakini mambo manne ni yetu sote, tena hayataki kasi. Herufi za jina lako zilingane kwenye kila karatasi. Ujue kimo cha mji unaokwenda, upunguze mwendo kabla ya kuanza. Tumbo lako ulilishe linachokijua, na mwenyeji umwambie mapema. Usiku wa siku mbili kabla, ulale. Miguu ndiyo ya tano.

Mimi nakwenda Kampala nikijaliwa, na iliki ya kulipia nimekwisha anza kuianika. Wewe unayesoma ukiwa na raba mlangoni na hamu moyoni, toa cheti chako cha kuzaliwa kabatini leo, kiweke kando ya kitambulisho chako cha Taifa, na usome jina la baba yako herufi kwa herufi.